Kaimu wa Kudumu

Mume wangu ameongoza kampuni kubwa mara tatu, na picha yake haijawahi kutundikwa hata siku moja. Ukiingia pale mapokezi kwao utawaona wakubwa wote wamepangwa ukutani: mwasisi na suti yake ya zamani, yule wa mahesabu, yule wa raba nyeupe, na wale wawili wa mwisho waliopigwa picha wamepeana migongo kama wanatangaza dawa ya meno. Kati ya mkubwa mmoja na mwingine ilipita miezi, na miezi hiyo kampuni haikujiendesha yenyewe. Iliendeshwa na mume wangu. Waulize leo kama kuna anayekumbuka.

Kazini wanamwita Bwana Kaimu. Kuna jina jingine pia, nitalisema nikifika. Mimi namwita Mzee, na nilianza kumwita hivyo kabla hajaota mvi hata moja.

Mimi ni fundi wa mapazia. Cherehani zangu ziko sebuleni, vitambaa vimepanda hadi juu ya kochi, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kunihubiria kusamehe. Sikusamehe, na sikuwa na mpango huo.

Mzee alianza pale akivuta nyaya za simu, enzi hizo kampuni ni ya mwasisi na ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Akapanda, akapanda, akawa mkurugenzi wa ufundi. Kisha kampuni ikaingizwa kwenye soko la hisa, kila mwenye uwezo akanunua kipande chake, ikaundwa bodi ya kuwasemea wenye vipande, na bodi ikapata Mwenyekiti. Huyu Mwenyekiti ni mtu wa kucheka meno yote nje, hata akikuletea habari ya msiba. Nilimbatiza Bwana Meno, na humu ndani hakuitwa jina jingine.

Bwana Meno alianza kwa kumng'oa mwasisi. Eti aliyeanzisha siye wa kukuza. Jioni ileile akamshika Mzee bega, akamwambia, "Shika usukani kidogo tunapotafuta mtu. Na jina lako limo, usiwe na wasiwasi." Mzee alirudi nyumbani uso umemchanua. Nikampigia simu mama yangu, mama akapiga vigelegele humohumo simuni. Mzee akaibeba kampuni kichwani, akakonda, halafu siku moja akaingia, akavua viatu mlangoni, akaniambia, "Wamepata mtu kutoka nje. Mwenyekiti anasema soko linataka sura mpya."

"Kwani yako ina nini?" nikamuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka, na chakula cha usiku ule alijipakulia mwenyewe.

Nimekaa kwenye mapazia miaka mingi, naijua homa ya fasheni. Mtu anakuja na picha kwenye simu, anataka pazia la ukumbi wa hoteli kwa dirisha la choo. Ile bodi ndivyo ilivyokuwa kwa wakubwa. Waliposikia kampuni nyingine za teknolojia zinachukua watu wa mahesabu, nao wakamleta wa mahesabu, akakata hadi maziwa ya chai. Huko nje wakaanza kusifu vijana, nao wakaleta kijana wa raba nyeupe. Huyo aling'oa milango yote, akawaita wafanyakazi "familia," akaamuru mikutano ifanyike watu wamesimama, hadi mama mmoja mjamzito akaanguka. Kisha wakasikia kuna makampuni yana wakuu wawili kwa mpigo. Haya, wakaleta wawili, mmoja wa biashara ya leo na mmoja wa biashara ya kesho, ndivyo walivyojitambulisha. Wa leo na wa kesho walikaa ghorofa moja bila kusalimiana.

Na kila aliyeondoka, nyuma yake aliitwa Mzee ashike nafasi. Na kila mara Mzee alisema ndiyo.

Sasa hapa ndipo penye uchafu wenyewe. Mara ya kwanza tulidhani kaimu ni mtu wa kutunza kiti kisipate vumbi. Mara ya pili ndipo nilipofumbuka macho. Kabla sura mpya haijaingia, watu hupunguzwa. Soko hupenda hivyo, hisa hupanda. Lakini sura mpya ikiingia na kufukuza watu, itachukiwa kabla haijajua choo kiko wapi. Kwa hiyo anayefukuza ni kaimu. Bwana Meno alimwambia Mzee waziwazi, tena kwa upole, "Mgeni wetu asianze kwa kilio. Wewe wanakuheshimu. Kutoka kwako watalipokea."

Na pale kwao kuna desturi aliyoiacha mwasisi: mtu aliyeajiriwa kwa kupeana mkono haachishwi kwa barua. Watu huitwa ukumbini ghorofa ya chini, mkubwa anasimama mbele yao, anasoma majina kwa mdomo wake mwenyewe. Wakubwa wote wapya waliisifu sana desturi hiyo kwenye hotuba zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitekeleza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi wa minara ya simu pale. Tunamwita Juujuu, kwa sababu tangu utotoni ukimtafuta chini humpati: yuko juu ya paa, juu ya tangi, juu ya ukuta wa jirani. Mzee ndiye aliyemwingiza kazini, akamfundisha kufunga mkanda na kusoma upepo kabla ya kupanda, akampenda kama mtoto wake wa kumzaa. Jumapili moja, wakati Mzee anakaimu mara ya pili, Juujuu alikuja kula kwetu. Walicheza drafti barazani hadi chai ikapoa, Juujuu anashinda na kumtania, "Shemeji, leo umelala?" Mzee alikuwa macho kabisa. Alikuwa ameshapewa majina. Kesho yake asubuhi alisimama ukumbini akayasoma, na alipofika kwa jina la shemeji yake hakupandisha sauti wala hakuishusha.

Hata mimi hakuniambia. Nilisikia kwa Juujuu mwenyewe, simuni, na hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Dada, si angeniambia jana tu, nijiandae?" Tangu siku ile hajakanyaga kwetu. Anafunga madishi juu ya mapaa ya watu, na mama alipofariki alikaa upande wa pili wa turubai, hakumpa Mzee hata mkono wa pole. Mimi ananipigia, tunaongea ya watoto, na nikitaja jina la Mzee anasema ana kazi. Kazini nako ndipo lilipozaliwa lile jina jingine, ambalo watu walilisema Mzee akishapita: Panga.

Nilimkalia Mzee kooni, sikatai. Nikamuuliza alikuwa mtu au kipaza sauti. Akasema angekataa wangemtoa na yeye, na majina yangesomwa na mwingine vilevile. Nikarudi kwenye cherehani. Lakini hasira haikwenda kokote, ilihama tu. Ilihamia kwa Bwana Meno, yule aliyepanga yote na siku ya kusoma akawa yuko kwenye kikao cha mbali anakula korosho.

Kuna siku mke wake aliniletea kazi ya mapazia ya chumbani kwao, bila kujua mimi ni mke wa nani. Loo, nilivyochangamka! Nilikwenda kupima mwenyewe. Nikakata vyema, nikashona vyema, na nikayapunguza upana kwa makusudi ili yasikutane katikati. Dirisha linatazama mashariki, kitanda kiko mkabala. Alipolalamika kwamba mume wake anaamshwa na jua la usoni, nikamwambia, "Pole, mama, kitambaa hicho hurudi kikifuliwa." Roho ilinisuuzika wiki nzima, kisha ikaanza kuniwasha upya. Jua la usoni lilikuwa kidogo mno. Nilitaka siku moja asimame yeye ukumbini, na meno yake yale, asome majina huku watu wanamtazama. Nilikuwa naliomba hilo waziwazi wakati napiga cherehani, na Mzee alikuwa ananisikia.

Mara ya tatu akakaimu tena, akasoma tena. Sina la kuongeza hapo.

Basi, wa leo na wa kesho wakatimuana. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Mzee yuko mezani na chai, tai shingoni, mimi niko kwenye cherehani, ukaingia ujumbe wa mteja: "Hongera, dada, mzee wako kapewa tena!" Nikafungua habari. Kweli bwana. Kampuni imewatangazia wanahisa na soko la hisa kwamba wakuu wawili wameondoka kwa maelewano mema, na nafasi yao inakaimiwa kuanzia asubuhi hiyo na mume wangu, jina lake kamili na cheo chake.

Nikasimamisha cherehani. "Umekubali lini?"

"Kukubali nini?"

Nikampa simu. Akasoma, akaishusha, akaipandisha akasoma tena. "Sijaulizwa," akasema.

Jamani, hawakumuuliza! Walikuwa wamejifungia wikendi nzima, wakabishana aje nani safari hii, wakakubaliana aje bingwa wa akili bandia kwa sababu kila kampuni sasa inatafuta bingwa wa akili bandia, wakapitisha orodha ya watu wa kupunguza, wakaandika tangazo, wakalituma kabla soko halijafunguliwa. Katika wasomi wote wale hakuna aliyekumbuka kuinua simu kumwambia mwenyewe. Wainue ya nini? Mzee hajawahi kusema hapana. Walimhesabu kama mtu anavyohesabu viti vya nyumbani kwake.

Mimi damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia, "Nenda basi, baba! Wahi! Panga lako limenolewa, usichelewe!"

Nilijua nimemchoma, na nilitaka achomeke. "Safari hii ni mafundi minara wote," akasema. "Kikosi kizima. Yule mama wa rasilimali watu alininong'oneza Ijumaa."

Kikosi hicho amekilea mwenyewe, tangu enzi za Juujuu. Nikafunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Mzee akainuka. Akavua tai, akaiweka juu ya mkate. Akachukua spana kwenye droo, akatoka uani kwenda kutengeneza pampu ya maji niliyomwimbia tangu mwaka juzi. Simu yake akaiacha mezani. Ikaanza kulia. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Mimi nikawasha cherehani ili nisiisikie, lakini kila nikipumzika naona kioo kinawaka: Mwenyekiti, Mwenyekiti, Mwenyekiti.

Soko lilikuwa limeshafunguliwa Bwana Meno alipofika mwenyewe. Gari jeusi likasimama nje, majirani wakatoa macho. Akaingia bila kusubiri karibu.

"Shemeji, habari za asubuhi!"

"Shemeji wa wapi?" nikamwambia. "Umeoa kwetu?"

Akacheka, meno nje. "Mama, nina haraka kidogo. Mzee yuko?"

"Yuko kazini."

"Kazini hayupo, ndiyo maana..."

"Kazini kwake humu ndani. Keti."

Pa kuketi palikuwa kigoda kifupi cha wateja tu, kochi lote lina vitambaa. Akaketi, magoti yakamfika kifuani. Nami nikaendelea na pindo langu. Akisema neno, nakanyaga mota. Akinyamaza, natulia. Najua jinsi walivyokuwa wakimkalisha Mzee nje ya chumba cha bodi, mlango umefungwa, anasikia vicheko vya ndani. Nilimkalisha hadi jasho likaanza kumtoka kwenye paji.

"Mama, tafadhali. Tuna mazungumzo na wawekezaji. Wanataka kumsikia kaimu mwenyewe. Asipokuwepo wataanza kuuliza."

"Waulize. Kuuliza ni jambo zuri. Nyinyi ndio hamkuuliza."

Hapo ndipo Mzee alipoingia, mikono ina matope hadi kwenye viwiko. Bwana Meno akaruka kutoka kwenye kigoda. "Rafiki yangu! Ulitutia presha. Twende, gari liko nje, tutaongea njiani."

"Siendi," Mzee akasema.

"Utakuja na gari lako? Sawa, ila..."

"Siendi kabisa. Sikaimu."

Nilikuwa na sindano mdomoni, ikaniponyoka. Miaka yote ile sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kwa mtu huyu. Bwana Meno naye hakulielewa mara moja. Alitabasamu, akangoja, tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Tumeshatangaza," akasema.

"Tangazeni tena."

"Unajua maana yake? Tumeliambia soko la hisa kuna mtu, kumbe hakuna mtu! Hisa zitasimamishwa. Watatuona wahuni."

"Watawaona mlivyo."

"Nani atashika sasa? Na yale mambo ya ukumbini ni wiki hii hii!"

"Wewe," Mzee akamwambia. Hakupaza sauti. "Kaimu mwenyewe, na majina uyasome mwenyewe. Mimi nimesoma ya kutosha."

Bwana Meno akageuka kwangu, uso umembadilika rangi. "Mama, zungumza na mume wako. Anajiharibia. Ataondoka pale bila hata kuagwa."

"Nimezungumza naye miaka yote," nikamwambia. "Leo ndiyo amesikia. Mlango ni huo, angalia kichwa, fremu iko chini."

Hakuangalia. Akajigonga, na mimi nikacheka hadi mbavu zikauma, tena kwa sauti, madirisha yakiwa wazi ili na dereva wake asikie.

Mchana hisa zao zikasimamishwa. Redioni wachambuzi wakauliza kampuni gani hii inatangaza mkuu ambaye hajui kama ni mkuu. Wanahisa wakaja juu, bodi ikakutana tena, na kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani ambaye angekubali kulishika bomu lile, wakamtupia Bwana Meno mwenyewe: mwenyekiti na kaimu kwa pamoja. Mzee alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Aliletewa barua na mtu wa pikipiki, desturi ya mwasisi hawakuikumbuka. Akasaini kwa mkono wenye grisi na kurudi kwenye pampu.

Siku ya ukumbini ilipofika, mfanyakazi mmoja aliinua simu yake akarusha moja kwa moja mtandaoni. Nikaifungua, nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikamwita Mzee akaja akakaa. Na mimi sikutaka tuione peke yetu wawili. Nikachukua simu ya Mzee, nikampigia Juujuu. Nilijua yuko juu ya paa mahali fulani. Namba ile haipokei kamwe. Nikapiga mara ya pili, akapokea, akidhani ni msiba.

"Ni mimi, usikate," nikamwambia. "Fungua uangalie, haraka!"

Akafungua. Tukawa tunaangalia pamoja, yeye kule na sisi huku, simu iko sikioni kwangu. Bwana Meno kasimama mbele ya watu bila jino hata moja kuonekana. Anasoma jina, analikosea, mwenye jina anamsahihisha kutoka nyuma, ukumbi unaguna. Fundi minara mmoja mzee akapiga kelele, "Tuangalie machoni basi!" Hakuweza. Akayasoma majina hadi mwisho akiwa ameinama, shati limemganda mgongoni, na alipotoka hapakuwa na mtu wa kumpisha njia. Ndiyo, majina yalisomwa yote. Watu walikosa kazi vilevile. Lakini nilikuwa nimeisubiri aibu ile miaka, na nilipoiona niliinywa yote, sikubakiza tone.

"Umemwona?" nikamuuliza Juujuu. Nilikuwa nacheka na kulia. "Umemwona anavyotota? Shemeji yako ndiye aliyemsimamisha pale! Walitaka Mzee asome, Mzee akakataa. Alikuja hapa mwenyewe, kwa miguu yake, Mzee akamwambia hapana, uso kwa uso!"

Nikasikia upepo wa huko juu aliko.

"Akakataa tu?" Juujuu akauliza.

"Akakataa tu! Hapana, basi!"

"Na hawakumfanya kitu?"

"Wamemsimamisha kazi. Na iwe! Yuko hapa, mzima, anakunywa chai."

Upepo ukavuma tena kule. Nilikuwa nangoja acheke. Mdogo wangu ana kicheko kikubwa.

"Kumbe alikuwa anaweza," akasema, na akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Mzee alikuwa ameshageuka kwenye kiti, ananitazama, mkono ameshaunyoosha nusu kuipokea. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu ile Jumapili ya drafti.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Mtandao umekata," nikamwambia.

Ametumia maisha yake yote kwenye minara, anajua simu inavyolia mtandao ukikata na inavyolia mtu akikata. Akaurudisha mkono wake pajani.